Swali la Dereva Mwenye Kisukari



Mfikirie dereva wa lori aliyepakia mzigo bandarini Dar es Salaam, safari yake ni Lubumbashi. Ana kisukari, anajidunga insulini asubuhi na jioni. Akifika hapa mpakani Tunduma ameshakata zaidi ya kilomita 900, na mbele yake kuna foleni. Tangu kituo cha pamoja cha forodha na wenzetu wa Nakonde, upande wa Zambia, kizinduliwe mwaka 2019 hali imepungua ukali, lakini foleni yetu mnaijua: ikiamua kulala, inalala. Karatasi iliyomo kwenye boksi la dawa inamwambia chupa ambazo hajazifungua azitunze kwenye friji, na hata aliyoifungua asiiache kwenye joto kali. Friji hana. Kabini inachemka. Azitupe? Ajidunge hivyo hivyo na kumwachia Mungu? Aende nyumba ya wageni amsihi mhudumu amwekee dawa katikati ya soda?

Hilo ni swali la kisayansi kabisa. Linahitaji vipimajoto, maabara, wataalamu na fedha. Swali langu mimi jioni hii ni jingine: nani analipia jibu lake?

Kampuni inayotengeneza insulini haiongezi hata senti kwa kugundua kwamba dawa yake inavumilia joto kuliko ilivyodhaniwa. Serikali ina foleni yake ya mambo, ndefu kuliko hii ya malori. Kwa hiyo swali la namna hii hukaa miaka na miaka, kila mgonjwa akilijibu kivyake kwa kubahatisha.

Lakini jibu lilipatikana, na lilianzia kwa majirani zetu. Kwenye kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, huko Dadaab kaskazini mashariki mwa Kenya, wagonjwa wa kisukari walilazimika kwenda hospitali kila siku, zaidi ya mara moja, kudungwa sindano tu, kwa sababu nyumbani hawakuwa na friji. Mama mwenye watoto anaacha kila kitu kwa ajili ya sindano ya dakika moja. Madaktari Wasio na Mipaka, shirika linaloendeshwa zaidi kwa michango ya watu binafsi, wakashirikiana na Chuo Kikuu cha Geneva. Walipima joto ndani ya makazi ya wakimbizi, wakakuta linapanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Joto hilo hilo wakaliiga maabara, kupanda kwake na kushuka kwake, na insulini wakaiweka humo wiki 4. Matokeo yalichapishwa Februari 2021: nguvu ya dawa haikutofautiana na ile iliyokaa kwenye friji.

Tafadhali, dereva wangu, usije ukazima redio na kuiacha chupa juu ya dashibodi. Utafiti ule ulihusu aina maalumu za insulini na joto la nyuzi hizo, na kabini iliyofungwa juani inapita hapo. Muulize muuguzi wako wa kliniki. Ninachotaka ulione ni kwamba utafiti mzima ulizaliwa na kero ya mgonjwa, na aliyeulipia alikuwa mtu aliyeiona kero hiyo kwa macho yake.

Sasa twende kwenye vyama vya wagonjwa. Kwa wenzetu Uingereza, chama cha wagonjwa wa moyo, wa kifafa au wa kusahau uzeeni hukusanya michango na sehemu yake huwapa watafiti. Utaratibu wao ni wa kuvutia. Watafiti wanaandika andiko la kuomba fedha. Andiko linapelekwa kwa wanasayansi wengine wasio na uhusiano na chama, walisome na kulikosoa. Kisha linakwenda kwenye jopo linalopanga alama, na mwanajopo ambaye rafiki yake au chuo chake kimeomba fedha anatoka nje ya chumba. Katika baadhi ya vyama, kama kile cha Alzheimer's Society, wagonjwa wenyewe na ndugu wanaowauguza nao husoma maandiko na kutoa alama. Mtu aliyemwogesha mama yake asiyemkumbuka tena anampa profesa alama. Hilo napenda niliseme taratibu ili lieleweke.

Hata hivyo utaratibu huo wote unaanza pale andiko linapokuwa limeshaandikwa. Swali limeshachaguliwa, na aliyelichagua ni mtafiti. Mwaka 2000 jarida la Lancet lilichapisha uchunguzi kuhusu ugonjwa wa magoti yaliyochakaa. Tafiti nyingi zilikuwa za dawa. Wagonjwa walipoulizwa wanataka nini kichunguzwe, wengi walitaja upasuaji, mazoezi ya viungo, na elimu ya namna ya kuishi na ugonjwa wenyewe. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na maiti huyu alikuwa anaongea, ila hakuna aliyemuuliza.

Ndipo mwaka 2004 ukaanzishwa ushirika uitwao James Lind Alliance, kwa jina la yule tabibu wa jeshi la majini aliyewajaribisha mabaharia machungwa na malimau mwaka 1747. Kazi yake ni kuwakalisha pamoja wagonjwa, ndugu wanaowauguza na madaktari, wachambue mamia ya maswali mpaka yabaki 10 ya kwanza. Wanayoyachagua yanafundisha. Mwaka 2015 watafiti walilinganisha orodha 14 za namna hiyo na tafiti zilizosajiliwa. Kati ya tiba ambazo wagonjwa na madaktari wao walitaka zichunguzwe, dawa na chanjo zilikuwa asilimia 18. Katika tafiti za kampuni, asilimia 86.

Najua kuna msikilizaji wa Vwawa au Mkwajuni ananijibu sasa hivi: huku watu wanakosa hata vijiti vya kupimia sukari, wewe unaleta habari za utafiti? Hoja hiyo ni nzito, na siwezi kuipita juu juu. Mwaka 1938 Rais Roosevelt wa Marekani, ambaye mwenyewe alikuwa amepooza miguu, alianzisha taasisi ya kupambana na polio, na watu wa kawaida wakachangia visarafu vya senti 10. Sehemu kubwa zaidi ya fedha ile ilikwenda kwenye matibabu, kuwalipia watoto hospitali na vyuma vya miguu. Sehemu ndogo ilikwenda kwenye utafiti. Ile sehemu ndogo ndiyo iliyomlipa mtafiti Jonas Salk, na tarehe 12 Aprili 1955 ikatangazwa kwamba chanjo yake inafanya kazi. Hawakuacha kuwalipia watoto hospitali ili kupata chanjo. Walitenga, na kutenga kunawezekana hata kwa fungu dogo.

Kwetu Tanzania, Chama cha Kisukari kimekuwepo tangu 1985. Miaka hiyo hiyo ya themanini Profesa Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili walipima watu zaidi ya 6,000 katika vijiji 6. Waliokutwa na kisukari hawakufika hata mtu 1 kati ya 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta asilimia 9.1. Umri na vipimo havikuwa sawa, kwa hiyo usizilinganishe namba hizi kama bei za mahindi sokoni. Lakini hata ukipunguza utakavyo, ongezeko lipo. Nani angejua kama wale wa vijiji 6 wasingepimwa?

Huku Nyanda za Juu Kusini tuna bahati ya kuwa na kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, pale Mbeya, ambacho kazi zake za UKIMWI na kifua kikuu zinajulikana duniani. Kutoka Kyela, mwaka 2016, watafiti wake na Wajerumani wa Munich walionyesha kwamba mtu mwenye minyoo ya matende yuko kwenye hatari ya kuambukizwa VVU zaidi ya mara mbili ya asiye nayo. Ni kazi kubwa, na kwa ukanda wetu UKIMWI ulistahili kutangulizwa. Ila fedha nyingi za tafiti za aina hii hutoka nje, na mwenye fedha huja na orodha yake. Januari 2025, Wamarekani waliposimamisha misaada yao, tuliona jinsi orodha ya mtu mwingine inavyoweza kufungwa kwa saini moja.

Ndiyo maana nasema chama cha wagonjwa kisichokuwa na mamilioni kinaweza kumiliki swali. Gharama yake ni daftari na kalamu. Siku ya kliniki ya kisukari na presha, mtu wa chama akae pale benchi la kusubiria, aandike wanachouliza wagonjwa, kwa maneno yao. Aliyetoka Kamsamba, kule bondeni kwenye joto, hatauliza analouliza mkulima wa kahawa wa Mbozi anayeamkia baridi. Tingo atauliza ameze saa ngapi dawa inayomkojoza wakati lori halisimami. Mama lishe atauliza ugali kiasi gani, kwa kipimo cha kisahani na si cha gramu. Maswali yapangwe, yapigiwe kura, yapelekwe Mbeya na Dar es Salaam yakiwa na mhuri wa chama. Na mtafiti akija na andiko lake tayari, akitaka wanachama wapimwe damu, aonyeshwe daftari kwanza.

Fedha? Kila chama kina ada. Kikitenga hata shilingi 5 katika kila 100, hakitajenga maabara, lakini kitamlipia nauli mwanafunzi wa uzamili anayetafuta mada ya tasnifu aje akae na wagonjwa wiki nzima. Wanafunzi hao wapo, na wengi wao bado hawajapata mada.

Kwa hiyo viongozi wa vyama mnaonisikia, kwenye mkutano mkuu ujao jambo hili liwe ajenda namba moja, kabla ya yatokanayo na kikao kilichopita, na kabla ya chai.