Rebeka Alienda Kuuliza



Leo tunafungua Mwanzo sura ya 25. Isaka alioa akiwa na miaka 40, na Rebeka hakuzaa. Isaka akamuomba Mungu. Mapacha walipozaliwa, baba alikuwa na miaka 60. Ni miaka 20 ya kungoja! Lakini jibu la maombi lilipofika, watoto walisukumana tumboni, na Rebeka hakunyamaza. Alienda kumuuliza Bwana.

Katika makanisa yetu tuko na mama wanaobeba mimba baada ya miaka 35, na mara nyingine ni mapasa. Si uchawi. Umri ukiendelea, mwili wa mama unaweza kuachilia mayai mawili kwa mwezi mmoja. Siku ya kuzaa tutaimba, tutawaita Kyungu na Kabange. Lakini mimba hiyo ina hatari zake: tansio kupanda, watoto kuja kabla ya wakati, damu nyingi kutoka baada ya kuzaa.

Tunaungama mbele yenu. Mama mmoja wa miaka 42 alikuja kwetu na mimba kubwa, kichwa kinamuuma, macho yanaona giza. Alikuwa anaona haya kwenda kupimwa pamoja na wasichana wa umri wa binti yake. Sisi tukamwambia afunge siku 3. Siku ya pili alianguka. Hospitalini walimpasua, yeye na mtoto mmoja wakapona. Mtoto wa pili tulimzika. Tangu siku ile hatumfungishi tena mama mwenye mimba.

Baba, toa franka za ekografi mapema, kabla ya kununua nguo za mtoto. Mama, usijifiche. Kichwa kikiuma sana, uso na mikono ikivimba, au damu ikitoka, enda hospitali siku ile ile, mahali wanapoweza kupasua na kuongeza damu. Tutakusindikiza, na tutaomba njiani.

Tamari naye alizaa mapacha, Mwanzo 38. Mkunga alikuwa pale, akafunga uzi mwekundu kwenye mkono wa mtoto. Maandiko hayakuona haya kumtaja mkunga. Nasi tusione haya kumwita.

Mungu awabariki. Amina.