Mleteni mbwa achanjwe

(Mazungumzo na wananchi wa vijiji vya Mpanda)



Leo tumekuja tuongee habari za mbwa. Msicheke. Tunajua mbwa ana kazi. Usiku analinda zizi fisi wasiingie. Mahindi yakikomaa anafukuza nyani shambani. Mfugaji wa Mpimbwe au Mishamo hawezi kulala bila mbwa.

Lakini mbwa huyo huyo akipata kichaa, ni hatari kwa kijiji kizima. Ugonjwa huu hukaa kwenye mate. Mbwa akikung'ata, mate yanaingia kwenye jeraha. Dalili zikishaonekana kwa mtu, akaanza kuogopa maji na kushindwa kumeza, hakuna dawa ya kumponya. Duniani inakadiriwa watu 59,000 hufa hivyo kila mwaka, na karibu wote wameng'atwa na mbwa. Watoto ni wengi kati yao, maana mtoto ndiye anayecheza na mbwa.

Kwa hiyo uking'atwa, osha jeraha hapo hapo kwa maji mengi na sabuni, dakika 15. Ni nyingi, mkono utachoka, basi mpokezane. Usipake majani wala mafuta. Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukachomwe sindano. Chanjo hiyo hukaa kwenye jokofu, na si kila zahanati inayo, kwa hiyo ulizeni mapema inapatikana wapi. Tena si sindano moja. Ukipewa tarehe, rudi mpaka umalize.

Mbwa aliyeng'ata, kama anakamatika bila hatari, afungwe, na bwana mifugo aambiwe. Huangaliwa siku 10. Wewe usingoje hizo siku 10, nenda ukatibiwe.

Sasa tuje kwenye neno tunalolisikia kila mkutano: "Bwana mifugo, ueni mbwa wote, yaishe." Jamani, hayaishi. Ukiua mbwa wote, unaua na wale waliokwisha chanjwa. Baada ya mwezi watu wanaenda kijiji cha pili kuchukua watoto wa mbwa, na hao hawana kinga yoyote. Fisi naye bado anakuja zizini. Tumerudi pale pale.

Tazameni wenzetu wa Pemba. Walichanja mbwa mwaka hadi mwaka, na mwaka 2014 kichaa kikatoweka. Mwaka 2016 kikaingia tena. Wakachanja upya kisiwa kizima, na kufikia mwisho wa mwaka 2018 kikawa kimetoweka tena. Mbwa Pemba bado wapo.

Hesabu yake ni hii: katika kila mbwa 10, wakichanjwa 7, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Wakichanjwa 3, tumejisumbua bure. Na inabidi kurudia kila mwaka, kwa sababu mbwa wengine hufa na wengine huzaliwa. Ndiyo maana tukisikia mtu amemficha mbwa wake nyuma ya ghala, sisi tunasikitika. Amempunguzia jirani kinga.

Siku ya chanjo, mbwa afungwe kamba. Mbwa mkali aje na mtu mzima aliyemzoea, asiletwe na mtoto. Watoto wa mbwa nao waletwe, hata wadogo. Na yule mbwa anayezurura sokoni, ambaye kila mtu anamtupia mfupa na hakuna anayesema ni wake, mwambieni mwenyekiti wa kitongoji. Tutamtafuta pamoja.