Jeni ya G6PD na Wajibu wa Anayeandika Dawa



Seli nyekundu ya damu huishi takriban siku 120. Haina kiini, haina mitokondria, wala haina pa kutengenezea protini mpya. Protini ilizoondoka nazo kwenye uboho ndizo itakazozitegemea mpaka mwisho. Mojawapo ni kimeng'enya cha G6PD, mnyororo wa asidi amino 515, na jeni yake imo karibu na ncha ya kromosomu X.

Hemoglobini ikibeba oksijeni, huzalishwa pia peroksidi na kemikali nyingine kali zinazoharibu seli kutoka ndani. Glutathioni huzidhibiti, lakini kila inapofanya hivyo huishiwa nguvu, na kinachoirudishia nguvu hiyo ni molekuli iitwayo NADPH. Seli nyingine za mwili hupata NADPH kwa njia kadhaa. Seli nyekundu inayo njia moja tu, na hatua ya kwanza ya njia hiyo ni kazi ya G6PD.

Watu wapatao milioni 400 duniani wana upungufu wa kimeng'enya hiki. Wengi wao huzaliwa, huoa au kuolewa na kuzeeka bila kujua. Ndiyo maana nasita kuuita ugonjwa: mara nyingi madhara huanza siku mtu mwingine anapompa mwenye upungufu kitu ambacho seli zake haziwezi kukihimili.

Tuliyafahamu haya kwa njia inayoniuma. Katika gereza la Stateville, jimbo la Illinois, watafiti wa Marekani waliwajaribia wafungwa dawa za malaria. Baadhi ya waliopewa primakwini, wengi wao Wamarekani weusi, walianza kukojoa mkojo mweusi kama chai ya rangi, macho yakawa ya njano, damu ikashuka. Mwaka 1956 Carson, Alving na wenzao walionyesha kwamba chanzo ni upungufu wa G6PD. Elimu hii tunaifundisha kila mwaka. Tuifundishe pamoja na habari za watu hao, ambao uhuru wao wa kukataa ulikuwa mdogo mno.

Jambo moja liliwashangaza watafiti. Dawa iliendelea kutolewa, na bado baada ya muda damu ilianza kupanda. Katika aina ya upungufu iliyoenea zaidi Afrika, kimeng'enya hutengenezwa, ila huchakaa upesi. Seli zilizozeeka huwa zimebaki nacho kidogo sana, ndizo zinazopasuka, changa huhimili. Hapa nawaomba wanafunzi wa maabara wanisikilize vizuri. Ukimpima mgonjwa siku chache baada ya damu kupasuka, unapima seli changa zilizosalia, na majibu yanaweza kusoma kawaida. Mpime tena baada ya miezi kama mitatu. Ila aina ya Mediterania, inayopatikana pia nchi za Ghuba, ni kali zaidi, na hapo hata seli changa haziko salama.

Mwanamke ana kromosomu X mbili, na katika kila seli, moja kati ya hizo hunyamazishwa. Aliyerithi jeni moja yenye kasoro huwa na seli za aina mbili katika damu ileile, na kipimo cha haraka kinaweza kumpitisha kana kwamba hana upungufu.

Bara letu limeshaonja gharama ya kupuuza haya. Lapdap, dawa ya malaria yenye dapsoni iliyokusudiwa Afrika, iliondolewa sokoni mwaka 2008 baada ya majaribio kuonyesha kwamba inapasua damu ya wagonjwa wenye upungufu huu. Nyumbani nako, naftalini inayowekwa kwenye sanduku la nguo inaweza kumletea mtoto mchanga manjano ya hatari akivishwa nguo hizo.

Tukirudi kwa primakwini, dozi yake moja ndogo, miligramu 0.25 kwa kila kilo ya uzito, Shirika la Afya Duniani liliiruhusu mwaka 2012 bila kipimo, nami naiunga mkono. Dozi ya siku 14, ya kuua vimelea vya malaria aina ya vivax vilivyojificha kwenye ini, ni suala jingine. Hiyo isiandikwe kabla majibu ya G6PD hayajawa mezani, na kipimo chenyewe kipatikane kwenye zahanati ileile inayotoa dawa.