Gari la zamani linapokataa kuwaka baada ya kubadilishwa

Eden Prairie, mji ulio kusini-magharibi mwa Minneapolis katika jimbo la Minnesota, Marekani, si mahali pa kukwama barabarani mwezi wa Januari. Usiku wa mwezi huo, baridi ya eneo hilo hufika kwa wastani nyuzi 13 hivi chini ya sifuri. Hata hivyo magari ya zamani yana wapenzi wengi huko. Kila Juni maelfu ya magari yaliyoundwa kabla ya mwaka 1965 hukusanyika katika viwanja vya maonyesho ya jimbo.

Wenye magari ya aina hiyo mara nyingi huondoa pointi, yaani vile vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana ndani ya distribyuta, wakaweka kifaa cha elektroniki. Pointi huliwa na cheche na hazikosi kurekebishwa, kwa hiyo badiliko hilo lina maana. Kampuni ya Chrysler ililifanya kiwandani katika magari yake ya mwaka 1973. Lakini gari lililokuwa likiwaka jana, leo stata huzunguka tu. Mwenyewe hukimbilia dukani kununua plagi, kisha koili, kisha betri, na injini bado iko kimya.

Mara nyingi kasoro imo katika waya mmoja. Katika magari mengi ya Kimarekani ya enzi ya pointi, kati ya swichi na koili kuna kizuizi cha umeme, pengine kimefichwa ndani ya waya wenyewe. Injini inapokwenda, hicho hupunguza volti 12 za betri hadi kama 7 au 9, ili pointi zisiungue. Stata inapozunguka, njia nyingine hukwepa kizuizi na kuipa koili umeme wote. Vifaa vingi vya elektroniki huhitaji volti 12 kamili; vikiungwa kwenye waya wa zamani, hupata nusu shibe.

Dalili husema mengi. Injini ikishika stata inapozunguka, ikazima ufunguo unapoachiwa, kizuizi au waya wake unastahili kushukiwa kwanza. Ikishika pale tu ufunguo unapoachiwa, huenda kifaa kimeungwa kwenye waya unaokatika wakati wa stata. Fundi mwangalifu huweka mita kwenye waya wa kifaa na kupima mara mbili: swichi ikiwa wazi, na stata ikizunguka.

Kipimo cha pili ndicho chenye siri ya Januari. Oili huganda, stata huvuta umeme mwingi zaidi, na betri yenyewe hudhoofika kwa baridi. Volti ambazo mwezi Juni zilitosha kwa shida, sasa hazitoshi kabisa.

Kuna tahadhari mbili. Koili ya zamani iliyokusudiwa kizuizi haipaswi kupewa volti 12 mfululizo, kwani huchemka. Na Ford za Marekani za kabla ya mwaka 1956 zilikuwa na volti 6, upande chanya wa betri ukiungwa kwenye bodi. Kifaa cha kawaida cha volti 12 hakizifai, na kikiungwa kinyume kinaweza kuungua papo hapo.

Gari likiwa limepakwa rangi upya, hutazamwa pia pale distribyuta na injini zinapopata muungano na bodi. Rangi nzuri huzuia umeme sawasawa na kutu.