Nguo Inayoruhusu Jasho Kukauka

Msikilizaji, saa saba mchana fundi yuko juu ya jengo. Amevaa ovaroli nzito ya nailoni, imembana. Jasho linamtiririka, lakini halimpozi. Kwa nini?

Jasho hupoza mwili linapokauka. Likinaswa ndani ya nguo, joto linabaki mwilini.

Huko Japani, Hiroshi Ichigaya, aliyewahi kuwa mhandisi wa Sony, alibuni koti lenye feni mbili ndogo kiunoni, upande wa mgongoni. Feni huvuta hewa ndani, hewa hupita juu ya ngozi yenye jasho, kisha hutokea shingoni na mikononi. Koti hutuna kama puto, na mvaaji huonekana kichekesho kidogo. Hata hivyo, leo mafundi wengi wa Japani huvaa makoti ya aina hiyo.

Wewe huhitaji feni. Vaa shati la pamba jepesi, lenye rangi isiyokolea, mikono mirefu, lililopwaya. Ila karibu na mashine inayozunguka, nguo isining'inie. Vaa kofia yenye ukingo mpana. Kama kazi inataka helmeti, ongeza kitambaa cha kukinga shingo. Mwajiri, nunua vizibao vya reflekta vya wavu, vinavyopitisha hewa.

Tunarudia: jasho lipate njia ya kukauka. Kunywa maji kabla ya kiu.

Mwenzako akianza kuchanganyikiwa au kuanguka, mpeleke kivulini, mlegezee nguo, mmwagie maji, mpepee, na mwite mhudumu wa afya haraka.