Neno "Sumukuvu" na Maana Yake kwa Mlaji



Neno ninalokusudia kulieleza leo ni sumukuvu. Limeundwa kwa maneno mawili ambayo kila mmoja wetu anayafahamu, sumu na kuvu, na kwa sababu hiyo wengi hudhani wamekwisha kulielewa mara walisikiapo. Hapo ndipo penye hatari. Mtu huchukulia kuwa sumu ni ule ukungu wenyewe. Akiupepeta na kuuosha, huamini kwamba ameiondoa na sumu.

Kuvu ni kiumbe hai. Sumukuvu ni kemikali ambayo kiumbe hicho huitengeneza na kuiacha ndani ya punje. Kuvu hufa kwa moto, lakini kemikali hubaki: maji ya ugali huchemka kwenye nyuzi joto 100, nayo huhitaji joto lipitalo nyuzi 200 ili ivunjike. Haionekani wala haina harufu. Punje yenye ukungu ni dalili mbaya, lakini punje inayong'aa si ushahidi wa usalama.

Wataalamu huiita aflatoksini, jina lililotokana na kuvu aitwaye Aspergillus flavus. Utafiti wake ulianza baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa nchini Uingereza mwaka 1960, wakiwa wamelishwa mashudu ya karanga. Katika majibu ya maabara mtakuta herufi B, G na M. Mbili za kwanza hutokana na majina ya Kiingereza ya rangi ya buluu na kijani, ambazo kemikali hizo hutoa zikimulikwa kwa mwanga wa urujuanimno. Ya tatu ni ya maziwa. B1 ndiyo kali kupita zote. Wapo pia wanaoliita sumukuvu kundi zima la sumu za kuvu, ikiwamo fumonisini ya mahindi. Hawakukosea, lakini muuzaji akidai kuwa unga wake "umepimwa sumukuvu", ni haki yako kumuuliza ni ipi iliyopimwa.

Viwango vya Afrika Mashariki huruhusu mahindi yawe na aflatoksini isiyozidi mikrogramu 10 kwa kilo, na kati ya hizo B1 isizidi 5. Kipimo hicho ni kidogo kiasi gani? Gramu moja tu, ikisambazwa sawasawa katika magunia 1,000 ya kilo 100, inatosha kuyafikisha yote kwenye kikomo. Ndiyo maana hakuna jicho wala ulimi wa kuipima.

Mwaka 2004, katika maeneo ya Makueni na Kitui nchini Kenya na jirani zake, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki kwa kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Mwaka 2016 msiba wa aina hiyo ulizifikia Dodoma na Manyara. Hayo ni madhara ya dozi kubwa, yanayoharibu ini kwa siku chache. Dozi ndogo za kila siku hazina kelele: huleta saratani ya ini baada ya miaka mingi, hasa kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B.

Basi nyumbani tufanye nini? Nunua mahindi yaliyokauka vizuri. Unyevu usizidi asilimia 13.5. Chambua punje zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu au zilizobadilika rangi, kwani mara nyingi humo ndimo sumu ilimojikusanya. Karanga iliyosinyaa au iliyo chungu iteme. Kukoboa hupunguza sumu, kwa kuwa sehemu kubwa hukaa kwenye ganda na kiini. Ninajua wapenzi wa dona hawatafurahi, nami sisemi waliache, ila dona lidai mahindi bora zaidi kuliko sembe.

Lipo suala la mahindi yaliyokataliwa. Desturi yetu ni kutotupa chakula, hivyo hupelekwa kwenye pombe ya kienyeji, kwa kuku au kwa ng'ombe. Pombe haiiui sumu hiyo. Ng'ombe naye, akilishwa pumba zenye B1, huigeuza kuwa M1 na kuitoa katika maziwa, na kuyachemsha maziwa hakuiondoi. Mahindi ya namna hiyo yafukieni.