Kazi Kwanza, Mashine Baadaye: Kuchagua Kompyuta ya Mezani kwa Kazi za Usanifu

Mazungumzo kwa wajumbe wa bodi na watendaji wa vyama wanachama, Kilangala, Mkoa wa Lindi



Mazao ya pwani ya Lindi na Kilwa aghalabu huondoka ghalani yakiwa katika magunia. Ufuta na korosho hupimwa, hupewa stakabadhi ya ghala, hunadiwa, kisha hupakiwa kwenda mbali. Gunia halihitaji pambo. Lakini mwanachama anayebangua korosho zake akazifunga katika pakiti ya robo kilo, au kikundi cha akina mama kinachokamua mafuta ya ufuta, hawezi kuingia dukani bila lebo. Pakiti isiyo na jina, uzito, tarehe ya kutengenezwa na tarehe ya mwisho wa matumizi ni sawa na mgeni asiye na barua: hakuna anayempokea.

Kwa sababu hiyo, katika makisio ya vyama limeanza kuonekana fungu jipya: ununuzi wa kompyuta ya kuchorea lebo, mabango, vipeperushi na taarifa za chama. Nia hiyo ni njema. Chama kinachochorewa lebo mjini hulipa kila mara neno moja linapobadilishwa, na mara nyingi mchoro wenyewe hubaki kwa mchoraji. Siku duka hilo likifungwa, chama huanza upya. Hata hivyo, nia njema haitoshi kulinda fedha. Kila shilingi ya chama imekatwa katika kilo ya mkulima fulani, na mkulima huyo anayo haki ya kuuliza imenunua nini.

Taifa lenyewe lina funzo lake katika jambo hili. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Hesabu zilihamishiwa katika mashine huku wananchi wenye utaalamu wa kuiendesha wakiwa wachache mno, na matatizo yakawa mengi. Mwaka 1974 Serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta nchini, na zuio hilo lilikuja kulegezwa baada ya miaka mingi. Mashine iliyotangulia kuletwa kabla ya kazi yake kupangwa na watu wake kuandaliwa iligeuka mzigo. Lililoipata wizara laweza kukipata chama cha msingi chenye chumba kimoja cha ofisi.

Swali la kwanza, basi, halihusu mashine. Linahusu kazi. Bodi na iandike katika karatasi moja: ni vitu gani vitachorwa katika mwaka mmoja, kwa ukubwa gani, na vitachapwa wapi. Karatasi hiyo ndiyo itakayoamua kompyuta, kama vile urefu wa mlingoti unavyoamua ukubwa wa tanga.

Hesabu ifuatayo yaonyesha sababu. Picha ya kuchapwa kwa ubora mzuri huhitaji nukta 300 katika kila inchi. Lebo ya sentimita 10 kwa 15 ina nukta zipatazo milioni 2.1. Kila nukta huchukua baiti 4, hivyo tabaka moja la mchoro ni megabaiti 8 na ushei. Mchoro wenye matabaka 10 haufiki megabaiti 100. Ukurasa wa A4 una nukta milioni 8.7, na matabaka 10 yake ni megabaiti 350 hivi. Bango la mita 3 kwa mita 1 hutazamwa kwa mbali, hivyo nukta 100 kwa inchi zatosha. Lakini hata hapo tabaka moja ni megabaiti 186, na matabaka 10 yanakaribia gigabaiti 2. Tena programu hutunza hatua zilizopita ili mchoraji aweze kurudi nyuma, hivyo mahitaji huongezeka maradufu na zaidi.

Hesabu hiyo inasema mambo mawili. La kwanza, lebo ya korosho si kazi nzito, na chama kisikubali kuuziwa mashine ya kutengenezea filamu ili kichore pakiti ya robo kilo. La pili, kinachoelemewa mapema katika kazi ya usanifu ni kumbukumbu ya muda, ile iitwayo ramu. Gigabaiti 8 zitafanya kazi kwa shida, kwa kuwa mfumo wa mashine nao unakula humo humo. Gigabaiti 16 ndicho kiasi kinachofaa kwa lebo, vipeperushi na mabango. Gigabaiti 32 ziachiwe chama chenye kazi ya video iliyo halisi, si ya kutamaniwa.

Baada ya ramu hufuata diski. Diski ya kisasa isiyo na sehemu zinazozunguka, ijulikanayo kama SSD, hufungua kazi upesi kuliko diski ya zamani. Gigabaiti 512 zinatosha kuanzia. Pamoja nayo inunuliwe diski ya nje ya kuhifadhia nakala. Diski hiyo ya nje isihesabiwe kuwa anasa. Mwaka ambao mashine itaharibika, yenyewe ndiyo itakayokuwa mali pekee iliyosalia.

Kuhusu prosesa, iliyo ya daraja la kati na ya miaka ya karibuni inatosha kwa michoro ya kuchapwa. Kadi ya michoro ya pekee, ambayo wauzaji huisifu sana na ambayo bei yake yaweza kupita ya mashine nzima, ina faida kubwa katika video, michoro ya pande tatu na michezo. Kwa lebo na mabango, uwezo uliomo ndani ya prosesa ya kawaida unatosha. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Muuzaji anayeanza na taa za rangi zinazowaka ndani ya sanduku aulizwe kwanza habari za ramu.

Kitu ambacho vyama husahau ni kioo. Mchoraji haoni prosesa, huona kioo. Kioo dhaifu hubadili rangi mtu anapoinamisha kichwa, na kijani kilichokuwa sahihi asubuhi kikawa kingine jioni. Kioo cha inchi 24 cha aina ya IPS, chenye nukta 1920 kwa 1080 na kinachoonyesha kwa ukamilifu rangi za kipimo cha sRGB, ni ununuzi wa busara. Hata hicho hakimalizi maneno. Kioo hutengeneza rangi kwa mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu. Mashine ya kuchapa hutumia wino wa samawati, majenta, njano na mweusi. Kijani king'aacho katika kioo chaweza kutoka karatasini kimefifia. Kwa hiyo lebo 5,000 zisichapwe kabla ya moja kuchapwa, kutazamwa juani na kuidhinishwa kwa sahihi.

Yapo maswali ya mahali. Kompyuta ya mezani hufunguka. Ramu huongezwa, diski hubadilishwa, kioo hutumika na mashine nyingine. Hizo ndizo faida zake juu ya kompyuta ya mkononi, ambayo mara nyingi kitu kimoja kikifa hufa navyo vingine. Lakini ya mezani haina betri. Umeme ukikatika ghafla, kazi isiyohifadhiwa hupotea, na diski yaweza kudhurika. Hivyo kifaa cha akiba ya umeme, kiitwacho UPS, kihesabiwe ndani ya bei ya kompyuta tangu siku ya kwanza. Kazi yake ni kumpa mtumishi dakika chache za kuhifadhi na kuzima kwa utaratibu; si ya kuendelea kuchora mpaka umeme urudi.

Tena hewa ya pwani ina chumvi, na chumvi hula chuma. Vumbi la ghala la ufuta nalo huziba feni. Kompyuta isiwekwe ghalani wala chini ya dirisha linalopokea upepo wa bahari. Iwe juu ya meza, ifunikwe ikiwa imezimwa na imepoa, na ifunguliwe kusafishwa na fundi kwa ratiba iliyoandikwa.

Programu nazo ni sehemu ya uchaguzi. Programu maarufu za kampuni ya Adobe, tangu mwaka 2013, matoleo yake mapya hukodishwa kwa malipo ya kila mwezi au mwaka badala ya kuuzwa moja kwa moja. Chama kikisahau ada, kazi husimama. Zipo programu halali zisizo na ada: Inkscape kwa michoro ya mistari, GIMP kwa picha, na Scribus kwa kupanga kurasa. Kwa lebo, mchoro wa mistari una manufaa zaidi, kwa kuwa haufifii ukikuzwa kutoka pakiti hadi bango. Alama za mistari zisomwazo na mashine za dukani, ambazo hapa Tanzania namba zake huanza na 620, zina kipimo chao cha kawaida cha milimita 37.29 kwa 25.93, na hazipunguzwi chini ya asilimia 80. Mchoraji akizibana ili picha ya mkorosho ipate nafasi, pakiti itakataliwa kaunta. Programu za wizi, zinazonakiliwa mitaani, zisiingizwe ofisini: ni kosa la kisheria, na mara nyingi huja na virusi.

Wako wanaosema kwamba siku hizi kila kitu huchorwa kupitia intaneti, hivyo mashine yoyote itafaa. Mwezi Mei 2024 ulilijibu hilo. Mwanzoni mwa mwezi huo mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi katika eneo la Somanga, wilayani Kilwa. Tarehe 12 mwezi huo huo nyaya za mawasiliano zipitazo chini ya bahari zilikatika, na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Chama ambacho michoro yake yote iko mbali, na fundi wake pekee yuko mbali, hujikuta mikono mitupu siku kama hizo. Programu iwepo ndani ya mashine, na nakala ziwepo ndani ya kabati la chama.

Mashine iliyotumika nje ya nchi si haramu, na kwa chama kidogo yaweza kuwa nafuu. Ila ipimwe kwa umri. Msaada wa bure wa kawaida kwa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa nyingi zilizotoka kabla ya mwaka 2017. Kwa upande wa Intel, huanzia kizazi cha 8. Anayenunua mashine ya zamani zaidi ya hapo ajue ananunua chombo ambacho mlango wake hauna komeo, isipokuwa awe na mtu awezaye kutumia mfumo wa Linux.

Na mtu ndiye mwisho wa hoja. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyefariki mwaka 1972, alichora juu ya vibao vya bei nafuu kwa rangi ya kupakia baiskeli. Wafuasi wake waliendeleza kazi hiyo hata wakawa na chama cha ushirika mwaka 1990, na michoro yao inajulikana duniani. Jicho na mkono vilitangulia chombo. Chama kisicho na kijana mwenye jicho hilo kisinunue kompyuta. Kianze kwa kumtafuta na kumfundisha. Wafundishwe wawili, maana mmoja akihama huhama na elimu yote.

Katika taratibu, mambo ni yale yale ya ununuzi wowote. Fungu liwemo katika makisio yaliyopitishwa na Mkutano Mkuu. Sifa za mashine ziandikwe kabla ya kuomba bei, si baada ya kuona dukani. Bei zilinganishwe kwa wauzaji wasiopungua watatu, dhamana iandikwe, stakabadhi ya EFD ichukuliwe, na namba ya mashine iingizwe katika daftari la mali za kudumu. Ramu ya gigabaiti 16 iliyolipiwa ihakikiwe kwa kuiwasha mashine mbele ya kamati ya mapokezi. Namba iliyoandikwa juu ya sanduku haitoshi. Michoro yote, pamoja na faili zake za asili, iandikwe kuwa ni mali ya chama.

Mwisho, karatasi ile ya kazi isomwe tena. Chama ambacho kwa mwaka mzima kinahitaji lebo mbili na bango moja hakihitaji kompyuta ya usanifu. Kimpe mchoraji kazi kwa mkataba, na mkataba useme kwamba faili za asili zitakabidhiwa. Na vyama vitano vyenye mahitaji madogo vinaweza kuweka mashine moja nzuri katika ofisi ya Chama Kikuu, ikahudumia vyote kwa zamu na kwa gharama inayojulikana. Kuunganisha nguvu ndogo zikawa moja ndiyo sababu wakulima waliunda ushirika, na kanuni hiyo yafaa katika kompyuta kama inavyofaa katika mizani na ghala.

Hapana aibu kwa bodi kurudi katika Mkutano Mkuu na kusema: tumepima, na mwaka huu hatununui. Aibu iko kwa chama ambacho kompyuta yake imefunikwa kitambaa kizuri pembeni mwa ofisi, huku lebo zake zikichorwa kwingine na wanachama wakilipa mara mbili.